Mwaka Tuliozima Redio

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Sefu, fundi cherehani wa mtaa wa Nyamirambo, hapa Kigali, aliyenifundisha kukata kitambaa nikiwa katika umri wa kutamani kila kitu. Alikufa mzee sana, kitandani kwake, baada ya kunywa chai, na katika mji wetu hicho ni kifo cha kushukuru. Baada ya maziko tulikaa uani, wanaume upande wa ukuta, sisi wanawake karibu na majiko, na pilau ilipokuwa ikipita nikamsikia Gatete, aliyekuwa dereva wa malori zamani na sasa hana meno ya mbele, akiwasimulia wajukuu wa marehemu habari za mbio za magari. "Babu yenu nilimshinda kwa maneno wiki nzima," alisema, "na wiki nzima hakukubali. Mtu mbishi vile sijaona tena, wallahi." Vijana wakacheka, mmoja akatoa simu akaanza kuonyesha magari ya mbio ya siku hizi, na Gatete akayaangalia kwa dharau kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Mimi niliinama kwenye beseni nikaendelea kuosha sahani. Gatete hajui jambo moja kuhusu wiki ile. Hakuwemo garini siku tuliyompeleka Mzee hospitali, na sisi tuliokuwemo hatukumwambia. Sasa tumebaki wawili, mimi na Bi Mwajuma, mjane wa Mzee, naye alinishika mkono jikoni akasema, "Zuhura, iandike wewe. Mimi macho hayaoni tena." Basi naandika.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Karakana ya Mzee Sefu ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa kukunja, ukuta wa rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe iliyochakaa kuanzia hapo kwenda juu. Cherehani tatu, zote za kukanyaga kwa miguu. Yangu ilikuwa karibu na mlango, ndiyo sababu niliona kila aliyepita na kila aliyepita aliniona. Tulishona sare za shule kwa wingi, kaptura za kaki na magauni ya buluu, na mimi, niliyeacha shule baada ya msingi, nilizishona zile sare bila wivu, maana kichwani mwangu sikuwa karakanani. Nilikuwa naendesha gari la mbio. Sisemi utani. Mguu kwenye pedali, mikono miwili kwenye kitambaa, macho mbele. Kola ya shati ina kona mbili kali, na mimi nilizikata zile kona bila kupunguza mwendo, nikisikia umati ukipiga kelele. Mzee Sefu alijua. Alikuwa akiniambia bila kuinua uso kwenye kazi yake, "Zuhura, punguza. Hiyo ni kaptura ya mtoto wa watu." Nikipunguza anasema, "Sasa umepitwa."

Ugonjwa wa mbio tuliupata kwa sababu ya Faustin. Alikuwa karani wa mizigo uwanja wa ndege, Kanombe, kijana mrefu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za mapumziko, na alikuwa na binamu yake Ulaya aliyerekodi mbio za magari kwenye televisheni kila zilipokuwepo, akampa kanda mfanyakazi wa ndege, na huyo akampa Faustin. Kanda ilifika siku kadhaa baada ya mbio, kwa kawaida Ijumaa. Faustin hakuwa na televisheni. Mzee Sefu alikuwa nayo, ndogo, isiyo na rangi, pamoja na deki ya video aliyonunua kwa Mkongo mmoja, na ndivyo kijana wa Kanombe alivyojikuta anavuka mji kila mara kuja kukaa kwenye mkeka wa fundi wa Nyamirambo. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu Kigali, cha kuunganisha unganisha. "Mzee, hii ya leo iko moto," alikuwa anasema mlangoni, "lakini mi sijaona, sijui kitu." Faustin hakuuvuka mwaka wa tisini na nne. Nalisema hapa mara moja ili nisirudi tena kulisema. Katika kisa hiki yuko hai, na anacheka.

Televisheni ile isiyo na rangi ilitupa kazi. Magari yote yalikuwa ya kijivu, mengine kijivu cha majivu na mengine kijivu cha sufuria, na tuligombana kuhusu rangi zake za kweli mpaka Bi Mwajuma alipotoa kichwa nyuma ya pazia na kuuliza kama tunazungumza habari za magari au za kanga. Tuliwatambua madereva kwa namba na kwa jinsi walivyoingia kwenye kona, na tuliwapa majina yetu wenyewe kwa sababu majina yao yalitushinda ulimi. Wawili ndio waliotugawa. Mmoja tulimwita Mwalimu, mtu wa makamo, hakuwa na haraka, hakugonga mtu, alipita pale tu palipokuwa na nafasi. Huyo alikuwa wa Mzee Sefu. Mwingine tulimwita Kijana, na yeye alipita hata pasipokuwa na nafasi, akaitengeneza. Huyo alikuwa wa Gatete, na naona ilifaa, maana Gatete aliliendesha lori lake la barabara ya Mombasa kwa namna hiyo hiyo. Faustin alimpenda kila aliyekuwa nyuma. Mimi sikuwa na mtu. Nilijipenda mwenyewe, ndani ya gari lolote lililokuwa mbele.

Sasa nieleze sheria, kwa maana bila sheria hakuna kisa. Siku moja, kabla ya mwaka huo, mteja aliingia kuchukua suruali akatangaza mshindi aliyemsikia redioni, na kanda ilipofika ikawa imekufa. Tulikaa mbele yake kama watu waliokuja harusini wakakuta wageni wameshaondoka. Mzee Sefu akasema hawezi kula chakula kilichotafunwa na mtu mwingine. Kuanzia hapo, Jumapili ya mbio ikifika, redio zilizimwa karakanani na katika nyumba zetu wote wanne, na hazikuwashwa mpaka kanda imefika na kutazamwa. Jambo hilo Mzee aliliita kufunga. Majirani waliambiwa wote: muuza maziwa, kinyozi, watoto wa mtaa, na Mama Riziki aliyeuza makaa ng'ambo ya njia, mbele ya mlango wetu kabisa. Ukisikia chochote redioni, usituambie. Mwanzoni walituona wendawazimu, halafu wakaanza kuona raha. Wao walijua na sisi hatujui. Mtu alipita dukani akitabasamu tu, akitutesa.

Na kuzima redio mwaka ule hakukuwa jambo dogo. Vita ilikuwa kaskazini, mji mzima uliishi na redio sikioni, na baada ya habari zilifuata salamu za msiba na matangazo ya kila namna: fulani amefariki, fulani anaombwa arudi nyumbani, waliofanya mtihani fulani wafike mahali fulani. Simu zilikuwa chache, kwa hiyo mtu alitafutwa kwa jina lake kupitia hewani na nchi nzima ikasikia. Walikuwepo waliosema sisi tunajifanya hatujui kuna vita. Hapana. Habari za vita hazikuhitaji redio kutufikia, zilikuja kwa miguu. Ila siku zile chache tulikuwa na jambo moja ambalo halijaamuliwa, na lilikuwa letu. Nilipokuwa msichana sikuweza kulisema hivi. Nilijua tu kwamba Jumatatu ya mfungo niliamka na furaha.

Mbio za mwisho za msimu zilikuja na jambo juu yake: Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba anaacha. Zikiisha hizi, anatundika kofia. Faustin alilitafsiri hilo kutoka gazeti la Kifaransa lililosahauliwa na abiria, na Mzee Sefu akaomba alisome mara mbili. Wakati huo Mzee alikuwa na uvimbe chini ya mbavu. Alikuwa ameupuuza mpaka akaanza kulegeza mkanda, ndipo Bi Mwajuma akamburuta hospitali iliyo upande wa pili wa mji, njia ya kwenda Kanombe. Huko wakaambiwa asubiri daktari bingwa wa upasuaji anayekuja kutoka nje, pengine baada ya sikukuu za mwaka mpya, na kwamba majina ya watakaopasuliwa yatasomwa redioni. Mzee alirudi akasema, "Wameniambia nisubiri," akakaa kwenye cherehani. Alianza kuacha chakula nusu. Sisi watatu tulidhani ni wasiwasi wa mbio.

Jumapili redio zikazimwa. Jumatatu jioni, kazi ilipoisha, mjadala ukafunguliwa kama ilivyokuwa desturi, na kwa kuwa mbio zenyewe zilikuwa zimekwisha tangu jana yake, tulijadili jambo lililokwisha kama vile bado halijaanza. Chai mukaru, ile kavu isiyo na maziwa, ilikuwa kwenye chupa, na Bi Mwajuma alikuwa ameleta sambusa kwenye sinia.

"Mwalimu amezeeka," Gatete alianza, mdomo umejaa. "Mzee akifika kwenye kona anakumbuka watoto wake."

"Ndiyo maana bado anao," Mzee Sefu alijibu.

"Kijana atampita mapema kabisa. Mtaona. Atamwonea huruma kidogo, halafu atampita."

"Amempita mara ngapi akaishia kwenye mchanga? Gari si lori la viazi, Gatete, ukilala unaamka umefika."

"Lori langu usiliguse, mzee wangu. Limekuletea vitambaa."

"Limeniletea vitambaa vimeloa."

Faustin akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mi naonea huruma ule wa nyuma kabisa," alisema. "Ule namba yake haionekani hata. Labda leo, sha, wote watagongana, yeye apite."

"Wewe Faustin utaenda peponi," Gatete alimwambia, "lakini mbio hutashinda."

Nami nikasema Mwalimu atashinda kwa sababu ni mara yake ya mwisho, na mtu hawezi kuondoka hivi hivi. Gatete akaniuliza kama nilidhani injini ina moyo. Nikasema ndiyo. Wote wakanicheka, isipokuwa Mzee Sefu. Aliniangalia kwa muda, sambusa mkononi, kisha akairudisha kwenye sinia bila kuiuma. "Zuhura kasema vizuri," alisema. "Andikeni upande wangu." Na akaanza kumtetea Mwalimu kwa moto ambao sikuwahi kuuona, kona kwa kona, tairi kwa tairi, mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso na Bi Mwajuma akamwambia apumzike, magari hayaendi popote.

Siku iliyofuata nilikuwa nafagia mbele ya mlango, na Mama Riziki akavuka njia, mikono myeusi ya makaa, uso wa mtu mwenye neno. "Zuhura," alisema, "Jumapili nilisikia kitu redioni." Nikaweka ufagio chini nikaziba masikio. "Usiniambie, Mama Riziki." Nadhani alisema sikiliza, au ngoja; niliona midomo tu, maana nilikuwa nimeanza kuimba kwa nguvu ili nisisikie. Akasimama pale. Akaonyesha kidole ndani ya karakana, kwa Mzee. Nikatikisa kichwa nikiwa bado naimba. Mwishowe akainua mabega, akacheka pia, akarudi kwenye makaa yake. Mzee Sefu alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu na futi ya kupimia shingoni. "Umefanya vizuri, binti," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Nilijivuna siku nzima.

Wiki ikaenda hivyo. Kinyozi akatabasamu, muuza maziwa akatabasamu. Mzee akabishana kila jioni na kula kidogo zaidi. Gatete alisafiri na lori Alhamisi, akaapa kwamba tukitazama bila yeye atatuchomea karakana, akasema tumsubiri hata kama kanda itaota ukungu.

Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, Faustin alifika na gari dogo la kazini kwao. Alikuwa ametumwa mjini, akachepuka. Alisimama mlangoni akainua kanda juu, na mimi nikapiga makofi. Ng'ambo ya njia Mama Riziki aliiona ile kanda. Akasimama kwenye kigoda chake.

"Imefika?" alituuliza.

"Imefika," nikajibu.

"Basi sasa naweza kusema. Mzee mbona hajaenda hospitali? Jina lake lilisomwa Jumapili. Daktari yuko, amekuja mapema. Walisema kesho asubuhi anaondoka."

Kinyozi alitoka na wembe mkononi akasema yeye pia alisikia. Muuza maziwa vile vile. Wote walisikia. Wote walijua kwamba nyumba ya Mzee Sefu haiambiwi mambo ya redio mpaka kanda ifike, na kila mmoja alidhani kwamba jambo kama hilo hospitali lazima imetuma mtu, au mwingine ameshatuambia. "Nilitaka kumwambia Zuhura," Mama Riziki alisema, na hakuwa na ubaya hata kidogo, "akaniimbia." Sijui mtaa mwingine wowote ambao ungefanya kosa la namna hiyo. Tuliwafundisha wenyewe kunyamaza, nao walikuwa wanafunzi wazuri.

Bi Mwajuma alitoka nyuma ya pazia akiwa na mwiko. Hakupaza sauti. Alisema, "Kwa hiyo mume wangu anakufa kwa sababu ya magari ambayo hata rangi zake hatuzijui." Mzee Sefu alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, ametazama sindano. Akasema hakuna haraka. Akasema daktari atarudi mwaka mwingine. Akasema, kwa kuwa kanda imefika, tutazame kwanza, Gatete tutamwomba msamaha, halafu ndipo twende polepole. Nakumbuka nilishangaa kwa nini hakushtuka kama sisi, lakini nilikuwa nalia, na mtu anayelia haangalii vizuri. Bi Mwajuma aliichukua kanda mikononi mwa Faustin akaniwekea mimi kwapani. "Shika hii. Haichezwi mpaka atoke huko. Faustin, baba, washa gari."

Faustin angeweza kusema gari si lake, kwamba anasubiriwa kazini. Alisema ndiyo tu, "Yego, mama," akafungua mlango wa mbele ampakie Mzee. Bi Mwajuma na mimi tukakaa nyuma, na kanga mbili, na kikapu chenye sahani na sufuria, maana hospitalini unaenda na vyombo vyako. Tulishuka Nyamirambo, tukapita mjini kati, tukateremka na kupanda upande wa pili. Mzee alikuwa ameegemea kioo, mkono chini ya mbavu.

Kabla ya kufika, kulikuwa na kizuizi cha askari. Miaka ile vizuizi vilikuwa vya kawaida kama vituo vya basi, lakini kila kimoja kilikuwa na bahati yake. Askari alikuwa kijana tu, kama mimi. Aliomba vitambulisho. Vyetu alivitazama akavirudisha. Cha Faustin alikishika, akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena, kwa ajili ya kabila lililoandikwa pale, ambalo siku hizo kila mtu alijua kulitafuta. Faustin aliweka mikono yote miwili juu ya usukani na kutazama mbele. Halafu askari akaona kanda mapajani mwangu.

"Hiyo ni nini?"

"Kanda ya video, afande. Mbio za magari."

"Imetoka wapi?"

Nikamtazama Faustin. "Ulaya," Faustin akasema polepole. "Kwa binamu yangu."

Askari akaichukua. Haikuwa na maandishi. Akauliza kwa nini mfanyakazi wa uwanja wa ndege anasafirisha kanda isiyo na jina, ina hotuba za nani ndani. Faustin akasema tena ni mbio. Askari akasema kila mtu anasema ni mbio, ni harusi, ni kwaya. Kisha akainama dirishani. "Mbio zipi?"

"Za Jumapili," nikasema. "Zile za mwisho."

"Za Jumapili mimi nilizisikia redioni," askari akasema. "Haya. Nani alishinda?"

Nilimtazama Faustin, Faustin alinitazama kwenye kioo, na niliona kwamba kweli hajui, kama mimi nisivyojua. Tulikuwa tumefunga. Nikasema, na niliposema nilijua jinsi inavyosikika, "Hatujui, afande. Bado hatujatazama." Askari alitabasamu vibaya. "Mnabeba mbio ambazo hamjui aliyeshinda," alisema, na kumwambia Faustin azime gari na ashuke.

Faustin aliweka mkono kwenye kishikio cha mlango. Hapo Mzee Sefu alijiinua kutoka kwenye kioo, akateremsha dirisha la upande wake, akasema, "Afande. Mwanangu. Njoo huku nikwambie." Askari akazunguka mbele ya gari. Mzee akamshika kola taratibu, kama anavyomshika mteja anayepimwa shingo, akamvuta karibu, akaweka mdomo sikioni mwake na kunong'ona. Alinong'ona kwa muda. Niliona uso wa askari ukibadilika, ukawa uso wa kijana. Akauliza kitu kwa kunong'ona vile vile, na Mzee akamjibu. Askari akacheka. "Maskini," alisema, "hata mimi niliumia." Akarudi upande wa Faustin akampa kitambulisho, akanipa kanda. "Nendeni. Huyu mzee ni mgonjwa."

Tulipokipita kizuizi, Bi Mwajuma aliinama mbele kwa mumewe.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumapili," Mzee akasema.

"Na jina lako?"

"Nalo."

Baadaye, siku alipokuwa anapona, alinieleza. Tangu alipoambiwa kwamba majina yatasomwa, alikuwa analala na redio ndogo chini ya mto, sauti chini kabisa, akisikiliza matangazo kila jioni, akiomba lisisomwe. Jumapili ile yakaja matokeo ya mbio kwanza, na hakuwahi kuzima. Kisha likaja jina lake. Alikuwa na hofu ya kisu, basi. Baba yake alikuwa amepasuliwa hakurudi. Akaona kwamba mtaa mzima umeapa kutosema, na yeye ndiye aliyewaapisha, akanyamaza ndani ya ule unyamavu wao. Kila jioni akaja kubishana nasi kuhusu mbio alizozijua mwisho wake. Lakini garini siku ile hakueleza lolote. Bi Mwajuma naye hakumlaumu. Alinyoosha mkono kutoka nyuma akauweka begani mwa mumewe, na ukakaa hapo mpaka getini. Mimi, mjinga wa miaka kumi na tisa, nilinong'ona, "Mzee, kwani nani alishinda?" Faustin akaziba sikio moja haraka, la pili akalisukuma begani. Mzee akasema bila kugeuka, "Wewe bado umefunga, Zuhura. Usinitie dhambini."

Daktari alikuwa amevua koti, lakini alilivaa tena. Walimpasua jioni ile ile. Tulikaa kwenye benchi la korido, mimi, Bi Mwajuma na Faustin aliyekuwa amepoteza siku ya kazi na pengine kazi yenyewe, ingawa haikupotea. Tulikula mkate na ndizi. Mtu alipita na redio ndogo mkononi, ikiongea, na sisi wote watatu tukageuza uso kwa pamoja, kwa mazoea tu, halafu tukaona aibu. Muuguzi alipotoka kusema kwamba ametoka salama na uvimbe umetoka wote, Bi Mwajuma alimwuliza kama atakula pilau, na muuguzi akasema si leo.

Alilazwa muda mrefu, na wakati wote huo hatukuwasha redio. Gatete aliporudi safari tukamwambia Mzee amepasuliwa na kanda ipo, haijaguswa, naye akasema kama mzee amefunga, naye amefunga. Lori lake alilipeleka mpaka Mombasa na kurudi redio ikiwa imezimwa, akihofia kila kituo cha mafuta. Mimi niliijua siri, Faustin aliijua, na hatukuisema hata sisi kwa sisi. Sikujua wakati huo kwa nini. Nadhani tuliona kwamba Mzee ametuachia kitu, na hakukuwa na sababu ya kukiharibu.

Alirudi nyumbani mwembamba, kanzu inamwelea. Siku hiyo hiyo mkeka ulitandikwa, chai ikaja, sambusa zikaja, televisheni ikapanguswa vumbi. Gatete alikaa karibu naye kuliko siku zote na kumchokoza kwa upole kidogo, kama mtu anayejaribu kisu kabla ya kukata. "Mzee wangu, bado una nafasi ya kubadili upande."

"Upande wangu niliuandikisha," Mzee alisema. "Washa."

Mimi sikuziona zile mbio vizuri. Nilikaa pembeni ya televisheni, na nilimtazama Mzee. Alibishana tangu mwanzo. Kijana alipotangulia, Mzee alimwambia Gatete angoje, tairi zitachoka, tairi zikachoka. Mwalimu akapita pale palipokuwa na nafasi, magari ya kijivu kwenye barabara ya kijivu, na chumba kizima kikasimama, hata Bi Mwajuma akatoka nyuma ya pazia. Faustin, ambaye dereva wake wa nyuma alikuwa bado nyuma, alinishika mkono, na niliona kwenye uso wake kwamba anataka, anataka kabisa, kwamba yule askari awe amecheka kwa sababu nyingine. Ulibaki mzunguko mmoja tu. Mzee Sefu alikuwa mbele ya mkeka, magoti yake yakigusa televisheni, akimwelekeza Mwalimu kwa mkono, kulia, kushoto, taratibu, taratibu, kama anavyonielekeza mimi kwenye kola. Na macho yake yalikuwa yanang'aa, wala hayakuwa ya mtu anayeigiza. Nimefikiri sana juu ya macho yale. Mpaka leo siamini kwamba wakati ule alikuwa anajua.

Gari likapunguza mwendo. Moshi mwembamba ukatoka nyuma, likasogea kando ya barabara likasimama, na lile la Kijana likapita. Gatete hakushangilia. Alimgusa Mzee begani akasema, "Pole, mzee wangu." Tukabaki tunatazama mtu amekaa ndani ya gari lililozima, hatoki.

"Ngojeni kidogo," Mzee Sefu alisema. "Linaweza kuwaka."

Tukangoja.